Udongo mchanga wa Kariakoo

Kiswahili kina maneno mawili yanayovaa kanzu moja. Mchanga ni ule unaopakiwa kwenye tipa na kumwagwa mbele ya nyumba inayojengwa. Na mchanga ni yule mtoto ambaye hajakaza shingo. Mtu akiandika "udongo mchanga" akikusudia udongo ambao haujakomaa, msomaji wa Dar es Salaam atadhani herufi mbili zimedondoka kiwandani na kwamba mwandishi alitaka kusema udongo wa mchanga. Ni sadfa ya lugha tu. Hata hivyo, kwa wanaoichunguza ardhi, sadfa hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu udongo wenye mchanga mwingi ni miongoni mwa ule unaochelewa sana kukua, na upo unaobaki mchanga siku zake zote. Udongo wa Kariakoo unabeba maana zote mbili. Ni wa mchanga kwa asili, na ni mchanga kwa umri, kwa kuwa mji haujawahi kuuacha utulie. Hoja ya makala haya ni kwamba udongo huo, pamoja na zege, vigae na misumari iliyomo, ni udongo halisi, una jina katika elimu ya leo, na unastahili kuchorwa kwenye ramani. Kuendelea kuuhesabu kuwa si kitu ni uzembe ambao mji unaulipia.

Kwanza, umri. Umri wa udongo haupimwi kwa umri wa chembe zake. Chembe ya kwatzi, lile jiwe gumu ling'aalo kama kioo, inayolala chini ya Mtaa wa Kongo ilimeguka kwenye mwamba mamilioni ya miaka iliyopita, ikasombwa na maji, ikatua, ikasombwa tena. Chembe ni kongwe, lakini udongo unaoundwa nayo unaweza kuwa wa juzi. Mrusi Vasily Dokuchaev, katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu udongo mweusi wa nyika za kwao, ndiye aliyewashawishi wasomi kwamba udongo si mwamba uliosagika tu, bali ni kitu kinachozaliwa na kukua kwa kanuni zake. Mwaka 1941 Hans Jenny, Mswisi aliyefundisha California, alizipanga nguvu tano zinazoukuza: hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba mama, na muda. Udongo uliokomaa husomeka ukutani mwa shimo. Juu kuna tabaka jeusi la mboji, katikati ni pale ambapo maji yameteremsha mfinyanzi na chuma, na chini kabisa mwamba unaooza polepole. Udongo mchanga hauna masimulizi hayo. Ni rangi moja toka juu hadi chini, labda na weusi kidogo usoni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, husema sentimita 2 au 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kuundika. Na kwatzi ina ukaidi wa ziada. Madini mengine huoza yakawa mfinyanzi, lakini kwatzi haina cha kugeuka. Mvua huiosha, jua huichoma, karne hupita, nayo ni mchanga uleule.

Wanaopanga udongo katika makundi wamehangaika na watoto hawa kwa muda mrefu. Wamarekani, katika mfumo wao waliouchapisha mwaka 1975, waliuita udongo usio na matabaka Entisoli, jina lililokatwa kutoka neno lao lenye maana ya "wa karibuni", na ule ulioanza kupata sura wakauita Inseptisoli, kutoka Kilatini cha "mwanzo". Mfumo unaotumika kimataifa, ulioasisiwa mwaka 1998 na kufikia toleo la nne mwaka 2022, una makundi makuu 32. Humo udongo wa mchanga una kundi lake, Arenosoli. Udongo unaoletwa na mafuriko ni Fluvisoli. Na ule uliokosa sifa yoyote ya kuupeleka kwingine huishia Regosoli, jina la Kigiriki linalomaanisha blanketi. Mfumo huo hufanya kazi kama mlango baada ya mlango. Unauuliza udongo swali la kwanza. Ukikubaliwa unaingia, ukikataliwa unasogea mlango unaofuata. Regosoli ni mlango wa mwisho kabisa. Kwa hiyo kwa miaka mingi udongo mchanga ulitambulika kwa kile ulichokikosa, kama mwanafunzi ambaye cheti chake kinaorodhesha masomo aliyofeli. Hapo ndipo penye ugonjwa ambao ramani zetu zimeurithi: kisichokomaa huhesabiwa kuwa hakijawa.

Sasa tuiangalie Kariakoo yenyewe. Uwanda wa pwani unaobeba katikati ya Dar es Salaam ni wa matumbawe ya kale yaliyoinuka, mchanga, na mchanga ulioshikwa na mfinyanzi kidogo, ukishuka kuelekea bonde la Msimbazi ambako mto umelaza tope lake. Sultani Seyyid Majid alipoanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, sehemu hii ilikuwa nje ya mji, ardhi ya mashamba na minazi. Jeshi la Waingereza lilipoingia Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi kilipiga kambi hapa, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likasagwa na ndimi za wenyeji hadi likawa Kariakoo. Mwaka 1923 likafunguliwa soko. Mitaa ikajazwa nyumba za Kiswahili za miti na udongo, zikaezekwa makuti, kisha madebe, kisha mabati, kila moja na shimo la choo uani. Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975, likiwa na sehemu yake ya chini ambayo wauzaji huiita shimoni na mapaa ya zege kama miavuli iliyopinduliwa, yaliyobuniwa pia kukusanya maji ya mvua. Baadaye zikaja ghorofa, fremu juu ya fremu. Julai 10, 2021 soko likaungua, na ukarabati ukafuata. Kila hatua katika orodha hii ilichimba kitu, ikabomoa kitu, ikamwaga kitu. Kuta za udongo zilirudi ardhini, vyoo vya shimo vilifukiwa, matofali yalivunjwa yakashindiliwa, juu yake ikaja lami. Saa ya udongo huu imerudishwa kwenye sifuri mara nyingi kiasi kwamba, tukihesabu kwa njia ya Jenny, sehemu kubwa ya Kariakoo ina udongo wenye umri mdogo kuliko bibi kizee anayeuza ndizi juu yake.

Elimu ya udongo ilichelewa kuukubali udongo wa namna hii, lakini iliukubali. Toleo la mwaka 2006 la mfumo wa kimataifa lilifungua kundi jipya, Teknosoli. Masharti yake hayahitaji falsafa. Ikiwa katika mita 1 ya juu asilimia 20 au zaidi ya ujazo ni vitu vilivyotengenezwa au kuletwa na binadamu, kama matofali, zege, vioo, majivu ya viwandani na takataka, au ikiwa uso umefunikwa na lami au zege, huo ni udongo wa kundi hilo. Cha kuzingatia ni mahali ulipowekwa mlango wake. Ni wa tatu. Udongo wa asili uliokosa sifa husubiri hadi mlango wa 32, lakini ule uliopigwa muhuri na binadamu huitwa mapema, kabla hata ya udongo wa volkano na ule mfinyanzi mweusi wa mbugani. Waliopanga foleni hiyo walikiri kwamba alama ya binadamu inaeleza tabia ya udongo kuliko mambo mengi yaliyotangulia. Zege na chokaa hupunguza uchachu wake. Kushindiliwa huziba vinyweleo vyake. Mashimo yaliyofukiwa huuachia nitrojeni na fosforasi kwa miaka mingi. Hata plastiki ina la kusema. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019. Atakayechimba karne ijayo na kukuta tabaka limejaa vipande vya Rambo, kama mifuko hiyo ilivyoitwa mtaani, na juu yake tabaka ambamo vinapungua, atakuwa na kalenda mkononi bila kuhitaji maabara. Wakati huohuo, udongo unaosemekana hauna historia utakuwa umeandika tarehe kwa usahihi ambao msitu wa Pugu hauwezi.

Pingamizi la kwanza ni la haraka na lina nguvu: hicho si udongo, ni kifusi. Udongo ni wa kulimia, na Kariakoo hakuna anayelima. Jibu moja ni la fasili. Mfumo wa kimataifa unahesabu kuwa udongo mata yoyote iliyo ndani ya mita 2 kutoka uso wa nchi na inayogusana na hewa, ukiacha viumbe hai, barafu ya kudumu na maji yenye kina kinachozidi mita 2. Uliofunikwa na lami umo. Mfumo wa Marekani ni mgumu zaidi. Unadai matabaka, au uwezo wa kubeba mimea yenye mizizi. Lakini mwarobaini na mpapai vimekuwa vikiota penye ufa wa zege bila kuomba ruhusa ya mfumo wowote. Jibu la pili lina uzito zaidi kwangu, nalo ni la soko. Neno kifusi lenyewe ni uainishaji. Mwenye tipa anayeuza tripu ya kifusi, ya mchanga, ya kokoto au ya udongo mweusi wa bustani anajua kwamba hivi ni vitu vinne, vyenye bei nne na kazi nne, na mnunuzi akiletewa kimoja badala ya kingine patachimbika. Hata ule udongo wa kula, ambao wengi huuita pemba na ambao wajawazito huutafuna, huchaguliwa kwa rangi, ulaini na mahali ulikotoka. Mji umekwisha kuupanga udongo wake kwa matumizi na asili. Ramani rasmi ndizo zilizobaki nyuma ya tipa.

Na zimebaki nyuma kwa sababu inayoeleweka: zilichorwa kwa ajili ya mashamba. Mwaka 1936 Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alitoa ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Ramani ya dunia iliyotengenezwa na FAO na UNESCO, iliyotoka kati ya mwaka 1971 na 1981, ina kipimo cha 1 kwa milioni 5. Milimita moja ni kilomita 5, na Kariakoo yote haifikii hata nusu milimita. Huwezi kulaumu kalamu. Lakini Milne huyohuyo alituachia chombo kinachofaa zaidi kuliko ramani yake. Akitazama vilima vya nchi hii aliona kwamba udongo wa kileleni, wa mteremko na wa bondeni haupaswi kusomwa mmojammoja, kwa kuwa maji yanaufunga pamoja. Kinachotoka juu ndicho kinachotua chini. Mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na neno hilo leo linafundishwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Huu ni mchango wa Tanganyika katika sayansi ambao hatuutaji inavyostahili.

Tuuchukue mnyororo wa Milne tuuweke mjini. Pete ya juu ni Kariakoo: mchanga chini, Teknosoli juu, lami na zege usoni. Pete ya chini ni Jangwani, kwenye Fluvisoli za Msimbazi, udongo mchanga wa aina nyingine ambao hufanywa upya kila mto unapofurika. Mchanga ulio wazi hunywa mvua upesi. Ukiushindilia na kuufunika, mvua ileile haina pa kwenda ila mtaroni, na mtaro unaijua njia ya Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliifanya serikali iwahamishie waathirika wa mabondeni Mabwepande; ya Aprili 2018 yalirudi kulekule; karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani imekuwa ikiogelea pamoja na mabasi yake. Sisemi Kariakoo peke yake inaijaza Msimbazi. Mto huo unaanza mbali, milima ya Pugu na Kisarawe, na unapokea mji mzima njiani. Nasema pete ya juu na ya chini ni habari moja, na sisi tuna ramani ya mafuriko bila ramani ya udongo unaoyatuma. Kinachoteremka si maji matupu. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu, watafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na ndani ya mboga hizo walikuta shaba, zinki, kadimiamu na risasi. Risasi haiozi. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini kilichotua kwenye udongo wa barabara zenye magari mengi kabla ya hapo hakikupokea tangazo hilo. Mchicha wa bondeni hupandishwa kuja kuuzwa sokoni, na mnyororo unajifunga upande wa pili, pete ya chini ikimlisha mtu wa pete ya juu.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahandisi, nalo ni la kistaarabu. Watasema udongo wa Kariakoo unajulikana tayari: kila ghorofa kubwa huanza kwa kutoboa ardhi, kuhesabu mapigo ya nyundo, na kuupanga udongo kwa mfumo wa ujenzi uliotokana na kazi ya Arthur Casagrande kwa ajili ya viwanja vya ndege vya kijeshi mwaka 1942. Ni kweli, na hakuna mwenye akili atakayetaka vipimo hivyo viachwe. Ila vinajibu swali moja: ardhi hii itabeba nini bila kutitia. Mhandisi akikutana na mita 2 za kifusi juu, mara nyingi huandika neno hilo moja, kisha hushuka haraka hadi kwenye tabaka analoliamini. Kilichomo humo, kilitoka wapi, kinapitisha maji au la, kina sumu au la, si kazi aliyolipwa kuifanya. Na ripoti yake ni ya kiwanja kimoja na mteja mmoja; hubaki ndani ya faili la mradi. Hivyo jirani akitaka kujenga, ardhi ileile hutobolewa upya kana kwamba haijawahi kuguswa.

Wapo pia watakaotaka hoja hii iende mbali kuliko inavyostahili. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jingine likaanguka Kariakoo penyewe, likaua zaidi ya 20. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba ramani ya udongo ingewaokoa. Isingetosha. Majengo huanguka kwa zege hafifu, kwa nondo pungufu, kwa ghorofa zilizoongezwa juu ya msingi usiokusudiwa, kwa kuchimba chini ya nyumba ambayo tayari watu wanafanya biashara ndani yake. Jina la udongo halishikilii ukuta, na kuubebesha udongo makosa ya wajenzi ni kumpa mkosaji pa kujificha. Ramani ninayoitetea ni ya mambo ya kawaida zaidi: wapi maji yanaweza kunyweka, wapi panafaa mti, wapi pamefukiwa vyoo, wapi mchanga wa asili bado upo karibu na uso.

Kuna walalamikao juu ya majina. Teknosoli, Arenosoli, Regosoli: yote ya Kigiriki na Kilatini, na mtu wa Mtaa wa Swahili hayamhusu. Malalamiko haya nayaheshimu nusu. Majina mengi maarufu ya udongo yalitoka midomoni mwa wakulima wa Urusi, ambao wasomi wao hawakuona aibu kuyachukua yalivyo. Kwetu Wasukuma walikuwa na luseni kwa udongo wa mchanga, itogolo kwa ule mgumu wa chini ya mteremko, na neno mbuga likaingia kwenye maandishi ya wataalamu wa udongo wa Tanganyika bila kutafsiriwa. Shuleni tumebaki na matatu: kichanga, mfinyanzi, tifutifu. Ni maneno mazuri, lakini yote matatu hupima ukubwa wa chembe. Hakuna hata moja linalosema udongo umeishi muda gani au umepitia nini. Kifusi linasema. Lina asili ndani yake, lina tukio, lina hata dokezo la umri. Kama kuna neno la Kiswahili linalostahili kupandishwa daraja na kuwa jina la kundi la udongo, ni hilo, na wachukuzi wa Kariakoo hawangehitaji semina kulielewa.

Kazi yenyewe si ndoto. New York ilitoa uchunguzi wake wa awali wa udongo wa jiji mwaka 2005, na aina moja ya udongo wa vifusi vya ujenzi ikapewa jina LaGuardia, lilelile la uwanja wa ndege. Kwetu wataalamu wapo: kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, Tanga, kimebeba kazi ya udongo ya taifa kwa miongo kadhaa, na Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha somo hilo Morogoro. Halmashauri ya Jiji ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi, na ingeweza kudai nakala ya kila ripoti ya utoboaji iwekwe kwenye daftari moja la wazi. Wahenga walisema udongo uuwahi ungali maji. Walikuwa wakimwambia mfinyanzi. Kwa mji wa mchanga, udongo uwahiwe shimo likiwa wazi, kabla zege halijamwagwa.

Shimo la kwanza ningependekeza lichimbwe Mnazi Mmoja. Uwanja huo uliachwa wazi enzi za ukoloni ili kutenganisha Uhindini na makazi ya Waafrika, sababu ya kibaguzi iliyoacha matokeo yasiyokusudiwa, yaani kipande cha ardhi ambacho, ukiacha njia na minara yake, hakijajengwa na kubomolewa kama mitaa iliyo ng'ambo. La pili lichimbwe upande wa pili wa Mtaa wa Lumumba, siku msingi wowote utakapofunguliwa. Mita 2 kila moja, futi kamba ukutani, mwiko mdogo wa kukwangulia. Katika la kwanza la kutazama ni moja tu: kama karne moja ya nyasi, majani makavu na nyayo za mikutano imetosha kuutia mchanga ule weusi juu, na kama imetosha, weusi huo ni wa unene wa kidole au wa kiganja.